Akello, Nafula au Atuhaire: Ulinganisho wa Majina ya Asili ya Mtoto wa Kike Nchini Uganda

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa Jinja mwezi wa nne, katikati ya mvua za masika, na kabla kitovu hakijaanguka alikuwa amekwisha kupewa majina matatu na wazee watatu, kila mmoja akiamini kwa moyo wake wote kwamba jina lake halina mpinzani. Baba yangu, Mwacholi aliyetumikia jeshi mpaka akastaafu, alisema huyu ni Akello. Mama yangu, Msamia wa Busia, alisema ni Nafula. Mama mkwe, aliyesafiri kutwa nzima kutoka Bushenyi ili amshike mjukuu, alisema ni Atuhaire. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, lugha iliyowakutanisha wazazi wangu na ambayo mimi nilikua nayo kambini, lakini Kiswahili hakikuwa na jina la kuwaamua wazee hao. Ikabidi mimi na mke wangu tukae tuyapime, na kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi za Uganda zimechanganya makabila mawili au matatu, naona ni vyema kuandika tuliyoyaona, yamfae mzazi mwingine aliye katika mashauri kama hayo.

Wazazi wengi huyachagua majina haya kwa utamu wa sauti, au kwa maana fupi waliyoambiwa na jirani, kana kwamba yote yametoka kapu moja. Kumbe kila jina la asili hutoa ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa aina tofauti. Liko jina linaloshuhudia namna, wakati au mahali mtoto alipozaliwa. Liko jina linaloshuhudia ukoo alimotoka. Na liko jina ambalo ni sentensi kamili, aghalabu ya shukrani au ya maombi, linaloshuhudia yaliyokuwa moyoni mwa mzazi siku ile. Akello na Nafula ni ya aina ya kwanza, ingawa hayalingani uzito. Majina mengi ya Waganda, yaani wenyeji wa Buganda, ni ya aina ya pili. Atuhaire ni la aina ya tatu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina lina maana gani, inafaa kuuliza kama ushahidi wake ni wa kweli kwa mtoto huyu.

Akello ni jina la msichana anayezaliwa mara baada ya pacha. Ndugu yake wa kiume akizaliwa katika nafasi hiyo huitwa Okello, kwa maana katika lugha za Kiluo herufi A mwanzoni mwa jina humwonyesha mwanamke na herufi O humwonyesha mwanamume. Waacholi na Walango wa kaskazini wanalo, na ukivuka mpaka utalikuta kwa Wajaluo wa Kenya likiwa na maana ile ile. Halisimami peke yake, bali hufuata majina ya pacha wenyewe: pacha wa kike wa kwanza kutoka ni Apio, yule aliyekuja upesi, na wa pili ni Acen, yule aliyekuja nyuma, wakiwa wavulana ni Opio na Ocen. Wajaluo wa Kenya humwita wa pili Adongo, aliyebaki. Wanangu wa kwanza ni Opio na Ocen, na tangu wazaliwe majirani wa Jinja hawajui tena jina la mke wangu; yeye ni Nalongo na mimi ni Salongo, vyeo ambavyo Waganda humpa mama na baba wa pacha, na ambavyo mjini hutolewa bila kuuliza mtu ni wa kabila gani.

Baba alinieleza jambo ambalo sikulifikiria. Alisema kwamba jina Akello halimtaji mtoto peke yake, bali linawataja watu watatu. Anayelisikia hujua papo hapo kwamba mbele ya msichana huyu wapo wawili, na kwamba mama yake alipita katika uzazi ambao wazee waliuheshimu na kuuogopa. Hata pacha wakiwa wamefariki wakiwa wachanga, jambo ambalo zamani lilikuwa la kawaida mno, anayewafuata hubaki Akello, na kwa njia hiyo jina lake huwa ukumbusho wa pekee wa ndugu wasiokuwa na kaburi lenye maandishi. Kwa sababu hiyo, mzazi asiyekuwa na pacha akimpa binti yake jina hili kwa kuwa tu limempendeza masikioni, anamtwika mtoto swali la maisha. Kila mzee wa Gulu au Lira atakayekutana naye atamuuliza pacha wako wapi, na jibu la kwamba hawajawahi kuwapo litamvunja mtoto moyo zaidi kuliko muulizaji. Isipokuwa, bila shaka, anarithi jina la bibi au la shangazi, na hapo atakuwa na jibu.

Udhaifu wa Akello ni wingi wake. Pacha si wachache, na kila wanapozaliwa wapo wanaofuata. Katika shule za kaskazini si ajabu darasa moja likawa na Akello wawili au watatu, wakitofautishwa kwa majina ya ubatizo. Kwa mtu anayetaka jina ambalo binti yake atalimiliki peke yake, huu ni upungufu wa kweli. Mimi sikuuona kuwa mkubwa.

Kabla sijaiacha kaskazini, ni lazima niseme neno juu ya majina ya shida, kwa sababu wapo watakaoyapendekeza kwa nia njema. Desturi ya kushuhudia hali ya siku ile haikuchagua mambo mazuri tu. Aceng ni msichana aliyezaliwa jua likiwaka, Akot alizaliwa mvua ikinyesha, Atim alizaliwa ugenini. Haya hayamdhuru mtu. Lakini Acan ni taabu na umaskini, na kwa Walugbara wa Arua jina Candiru humtaja msichana aliyezaliwa wakati wa mateso. Mama aliyeonewa katika boma la wakwe, asiyekuwa na baraza la kumsikiliza, aliweza kuweka malalamiko yake katika jina la mtoto, na kila aliyemwita mtoto alilazimika kuyatamka. Nayaheshimu sana majina hayo kama kumbukumbu za wanawake. Hata hivyo, kwa mtoto anayezaliwa leo, mwenye mama anayeweza kusema shida zake kwa kinywa chake, ningechagua Ayikoru, jina la Kilugbara la furaha, au Lanyero la Kiacholi, lenye asili ya neno la kucheka. Msomaji wa Kiswahili atafurahi pia kujua kwamba Walugbara wana jina Mungufeni, ambamo neno letu Mungu limeingia na kukaa kama mwenyeji: Mungu ametoa. Hilo hupewa wavulana na wasichana.

Nafula ni la aina hiyo hiyo ya ushahidi, lakini ni jepesi zaidi. Ni jina la msichana aliyezaliwa msimu wa mvua, na kaka yake ni Wafula. Hapa Na ndiyo ya kike na Wa ndiyo ya kiume. Kwa Wasamia na jamaa zao wa pande zote mbili za mpaka wa Busia, kalenda nzima ya mkulima imo katika majina ya wasichana: Nekesa wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi, Nanjala wa wakati wa njaa. Mama yangu hakuhitaji kunishawishi kwamba mjukuu wake ni Nafula, kwani bati lilikuwa likipiga kelele juu yetu alipolitamka. Uzuri wa jina hili ni kwamba halidai kitu ambacho familia haina. Halihitaji pacha, halihitaji ukoo fulani, na halimfungi mzazi kuwa wa dini fulani. Linahitaji mvua tu. Tena ni jina lisilojua mpaka: mwenye jina hili akishuka Busia upande wa Uganda au upande wa Kenya ataitwa vilevile na kueleweka vilevile.

Linapopungukiwa ni pale ambapo ushahidi wake ni wa watu wengi mno. Mtoto yeyote aliyezaliwa masika ni Nafula kwa haki sawa na binti yangu. Na huko Mbarara au Masindi, ambako lugha hiyo haisikiki, maana yake haijulikani, na wengi huliona tu kama jina la Kenya. Mama hakupenda niliposema hivyo, na sikulisema mara ya pili.

Atuhaire lilitupa kazi kubwa zaidi, kwa sababu mke wangu alilipenda na mimi pia nililipenda. Anayejua Kiswahili anaweza kulichambua mwenyewe: a ni kiambishi cha nafsi, tu ni sisi, na ha ni kitenzi cha kupa, ambacho sisi hukitamka kwa p. Atuhaire ni "ametupa", na aliyetoa hatajwi kwa sababu kila mtu anamjua kuwa ni Mungu. Wanyankole na Wakiga wana hazina kubwa ya majina ya namna hii. Natukunda ni "anatupenda", Ninsiima ni "ninashukuru", Akampurira ni "alinisikia", Asiimwe ni "ashukuriwe", na Tumuhairwe ni "tumepewa yeye", ikiwa na w ile ile ya kutendwa tuliyo nayo sisi. Sijui majina mengine nchini humu ambayo Mswahili anaweza kuyafahamu kwa urahisi huu bila mkalimani.

Ila kuna mambo mawili ya kupima. La kwanza ni kwamba sentensi haina jinsia. Atuhaire, Asiimwe na Tumuhairwe hupewa wavulana na wasichana bila tofauti, na anayesoma orodha hawezi kujua ni nani mpaka aone jina la ubatizo au picha. Kwa wengine hilo si neno. Kwa anayetaka jina la kike waziwazi, magharibi huko huko lipo suluhisho, kwa maana viambishi Ke na Ko humwelekea mwanamke: Kembabazi ni wa huruma, Kemigisha ni wa baraka, Kobusingye ni wa amani. Kyomugisha na Kyomuhendo, la pili likiwa na maana ya kitu cha thamani kubwa, pia ni ya wasichana. Majina yanayoanza na Ko yanasikika hata ng'ambo ya mpaka wa kusini, kwa Wahaya wa Kagera, kwa hiyo si mageni kwa Mtanzania. Kama mtoto wetu asingewafuata pacha, nadhani leo angeitwa Kembabazi, si Atuhaire. Nalisema hili kwa heshima yote kwa mama mkwe.

La pili ni suala la uasili wenyewe. Wapo wanaosema kwamba majina ya shukrani si ya jadi, kwamba yameletwa na kanisa. Hapo naona ukweli ni nusu. Muundo wa sentensi ni wa kale. Wazee waliwaita watoto wao Tibamwenda, yaani "hawampendi", wakiwalenga majirani wenye chuki, na yalikuwapo mengine mengi ya kifo na ya uadui. Kilichobadilika Ukristo ulipoenea ni yule anayesemeshwa. Zamani sentensi ilimjibu jirani. Sasa inamshukuru Mungu. Hilo kwangu halipunguzi uasili wa jina hata kidogo, ila mzazi anayetafuta jina lililokuwapo karne nyingi kabla ya wamisionari kufika mwaka 1877 ajue kwamba Atuhaire huenda lisimpe anachokitafuta, na Akello litampa.

Tukiishi Jinja na tukiwa na rafiki wengi wa Kampala, hatukuweza kuyapita majina ya Buganda bila kuyatazama. Huko ndiko tofauti ya aina za ushahidi inakoonekana wazi kuliko kwingine. Nakato ni maarufu sana nchini kote, na ni jina la pacha wa kike wa pili; mwenzake wa kwanza ni Babirye, jina ambalo ndani yake unasikia mbili. Sehemu ya to katika Nakato ni udogo, kama ilivyo katika neno letu mtoto. Wasoga nao wanawaita pacha wa kike kwa majina hayo hayo. Anayewafuata pacha kwa Waganda ni Kizza, na kwa Wanyoro na Watooro ni Kiiza, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mahali alipo binti yangu katika safu ya ndugu zake pana jina karibu katika kila pembe ya nchi. Nililifikiria Kiiza kwa ajili ya mama mkwe, lakini yeye mwenyewe alilikataa, akisema halimtofautishi msichana na mvulana, naye hakukumbuka kwamba la kwake pia halimtofautishi.

Majina ya ukoo ya Waganda ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mzazi wa kabila jingine awe mwangalifu. Koo zinazotambuliwa huhesabiwa kuwa 52, na kila moja ina hazina yake ya majina ya kike na ya kiume. Nakku, kwa mfano, ni la ukoo wa Ffumbe, yaani fungo, na linarudi nyuma hadi simulizi za mwanzo wa ufalme, ambamo Nakku alikuwa binti wa Walusimbi, mkuu wa ukoo huo. Msichana akitaja jina kama hilo ametaja mwiko wake, babu zake, na wavulana ambao hawezi kuolewa nao, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani. Zamani hata haki ya kulipata ilithibitishwa katika sherehe ya okwalula abaana, ambapo kipande cha kitovu kilichokauka kiliwekwa ndani ya chombo cha maji yaliyochanganywa na maziwa na pombe. Kikielea, mtoto alikuwa wa ukoo, na babu alitaja majina ya waliotangulia. Mtu asiyekuwa wa ukoo akilichukua jina la namna hiyo kwa uzuri wake amechukua hati ya shamba lisilo lake. Huo ndio msimamo wangu, na Waganda niliowauliza hawakuupinga.

Wengi huniuliza juu ya Nambi, kwa sababu ni jina fupi na tamu. Katika simulizi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, Nambi ni binti wa Ggulu aliyeshuka kutoka juu akawa mama wa watu. Alikatazwa kurudi nyuma, akarudi kuchukua ulezi wa kuku, na ndugu yake Walumbe, ambaye ni kifo, akamfuata. Wapo wanaoogopa jina hilo kwa ajili ya mwisho wa simulizi. Mimi nasikia zaidi mwanzo wake, kwamba mwanamke huyu ndiye aliyempenda maskini mwenye ng'ombe mmoja na kumsaidia kuishinda mitihani ya baba yake, na sioni sababu ya kumnyima binti wa Kiganda jina hilo.

Kwa wenye asili ya Bunyoro na Tooro kuna njia ambayo haishindani na jina lolote, nayo ni empaako. Ni majina 12 ya heshima na upendo, miongoni mwake Abwooli, Akiiki, Amooti, Ateenyi na Adyeeri, na mtoto hupewa moja juu ya majina yake mengine. Shangazi wa upande wa baba humpokea mtoto na kumtazama sura ili waone amefanana na nani, kisha mkuu wa ukoo hulitangaza jina, na watu hula ugali wa ulezi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utaratibu huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anayeweza kumpa binti yake empaako ampe, kwani hatakuwa amepunguza kitu mahali pengine.

Kuhusu umaarufu, sitatoa hesabu, bali nitataja yanayosikika. Majina ya kuzaliwa yamefika mbali na yamevaliwa na wanawake wanaojulikana. Waziri wa Afya aliyetuongoza wakati wa janga la korona ni Jane Ruth Aceng, na jina hilo la jua likatamkwa kila siku redioni katika nyumba ambazo hazijawahi kusikia Kilango. Peruth Chemutai, Msabiny, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021, watu wengi nchini walijifunza kwamba jina lake ni la msichana aliyezaliwa asubuhi. Akello na Nakato hayahitaji kuelezwa mahali popote nchini. Nafula linahitaji kuelezwa ukitoka mashariki. Atuhaire hutambulika mara moja kuwa la magharibi, na katika nchi ambayo watu hukisia kabila lako kabla hawajakusalimu, hilo ni jambo ambalo mzazi hana budi kulipima, ingawa si haki kwamba alazimike.

Tahajia nayo isidharauliwe. Herufi c ya Kiluo husomwa ch, kwa hiyo Acen huandikwa na wengine Achen; Apio huwa Apiyo; Akello hupoteza l moja. Kyomugisha husomwa Chomugisha, na anayeandika kwa kusikia ataandika hivyo. Binti wa jirani yetu aliandikiwa Okello na karani ambaye hakujua kwamba A na O si mapambo, na wazazi wake walihangaika miezi mingi kabla cheti hakijarekebishwa. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako mwenyewe, umkabidhi anayejaza fomu, na usome kabla hujaweka sahihi. Amueni pia mapema ni majina yapi yatakayoingia kwenye fomu, kwa kuwa Uganda haina desturi moja ya jina la familia. Mimi nimewahi kuzuiwa mpakani na mtoto wangu mwenyewe kwa sababu hakuna jina hata moja lililofanana kati ya kitambulisho changu na cheti chake, na tangu siku hiyo husafiri na vyeti vyote.

Mwishoni tuliandika Akello. Majina yote matatu yalikuwa ya kweli kwa mtoto wetu, na hilo ndilo lililoifanya kazi kuwa ngumu, lakini hayakuwa na muda sawa. Mvua itanyesha tena, na shukrani haina msimu, lakini kuwafuata Opio na Ocen ni jambo lililokuwa lake peke yake, na kama tungelipita lisingerudi kwa mtoto mwingine yeyote. Nilipomweleza mama mkwe hivyo alinyamaza kidogo, akamgeuza mtoto begani, akasema basi Atuhaire limngoje atakayefuata. Mama yangu hakusema kitu. Anapotupigia simu kutoka Busia huuliza kwanza kama mvua imenyesha, kisha huuliza habari za Nafula.